Kisanduku Kisicho na Jina

Mama alicheka mpaka akakohoa. Katika chumba cha pili cha ofisi ya kamusi, Bi Kadi alikisikia kicheko hicho na moyo ukamchoma. Miaka kumi na minane amemhoji mama yake, mkunga mstaafu, akiandika istilahi za ukunga kadi moja moja, na hata siku moja hakuwahi kumchekesha hivyo.

"Haya Mama, kondo la nyuma ni sehemu ya mama au ya mtoto?" aliuliza mdogo wake, mhandisi wa kompyuta aliyeajiriwa juzijuzi tu.

"We mtoto una vituko! Hilo ni la wote wawili."

Mdogo mtu alikuwa akijenga mti wa dhana. Kila dhana ilikaa kwenye kisanduku chake, chini ya kundi lake, ikirithi sifa zote za kundi hilo. Wakubwa waliupenda mno, na kesho angeuonyesha mbele ya wakunga wa nchi nzima. Kadi za dada mtu hakuna aliyezitaja. Wivu ukamkaba Bi Kadi. Ndiyo, wivu, tuuite kwa jina lake, maana kuita vitu kwa majina ndiyo kazi iliyomlisha.

"Dada, huji kula?"

"Tangulieni."

Akawatazama wakitoka, mama ameegemea bega la kitinda mimba wake. Kisha akaketi penye kompyuta ya mdogo wake, akalivuta kondo la nyuma mpaka chini ya Magonjwa. Papo hapo likarithi: *Hutibiwa. Huweza kuambukiza.* Bi Kadi akatabasamu. Kesho wakunga nao wacheke!

Ndipo alipoona maandishi madogo chini ya kisanduku: *Chanzo: kadi ya dada yangu, namba 212.* Akafungua kingine. Kadi ya dada yangu. Cha tatu, cha kumi, cha hamsini, vyote hivyo hivyo. Kimoja tu hakikuwa na chanzo wala jina, bali maelezo: *Muda kati ya mtoto kutoka na kilio chake cha kwanza.* Na chini yake: *Nimeshindwa. Nimuulize dada.*

Hata mlango ulipofunguliwa alikuwa hajarudisha kitu.

"Nani kalihamisha hili?" mdogo wake aliuliza.

"Mimi. Nilitaka uumbuke kesho."

Mdogo mtu alimgeukia. Macho yalimjaa machozi. "Basi lirudishe," alisema.

Bi Kadi akalirudisha. Mama alikuwa ameshaketi, anawatazama. Kwa kukosa pa kuyaficha macho yake, Bi Kadi akachukua kadi tupu, akamsomea mama maelezo ya kile kisanduku.

"Huo muda mlikuwa mkiuitaje, Mama?"

"Hatukuuita chochote. Tulikuwa tunanyamaza."

"Na wewe ukifanya nini?"

"Naogopa, mwanangu." Mama alijifunga upya mtandio wake. "Huyu mdogo wako alitoka na makelele yake. Lakini muda wako, siku niliyokuzaa, ulikuwa mrefu kuliko wowote niliowahi kuungoja."

Mdogo mtu akavuta kiti, akaketi kando ya dada yake. Bi Kadi alikuwa ameshika kalamu juu ya kadi, na chumba kizima kimya.