Mkono wa Kushoto wa Mkurugenzi

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, fundi cherehani anayeitwa Mama Vifungo aliumwa na mbwa nyuma ya goti akifungua kufuli la duka lake. Alimtandika mbwa kwa kandambili, akaosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba dakika kumi na tano kamili huku akiangalia saa, kisha akafunga duka na kwenda zahanati. Mumewe, fundi bomba, alimfuata na jagi la maji. Alikuwa amesikia kwamba mwenye kichaa cha mbwa huogopa maji, na akishafika hapo hakuna dawa tena ya kumrudisha. Basi kila baada ya hatua chache alimmiminia kikombe.

"Kunywa, mke wangu."

"Hiki cha saba, baba. Nikiyaogopa maji leo, wa kulaumiwa ni wewe."

Sindano zilikuwepo. Hilo lieleweke mapema, maana watu wana tabia ya kusema hazipo. Zilikuwa kwenye jokofu dogo nyuma ya muuguzi, zimepangwa vizuri, unaziona kupitia kioo. Ila juu ya jokofu kulibandikwa tangazo lenye saini ya Mkurugenzi wa Afya ya Mji: hachanjwi mtu mpaka mnyama aliyemuuma afike mwenyewe kujieleza.

"Jamani! Mbwa wa mtaani nitamtoa wapi mimi?" Mama Vifungo aliuliza.

"Yuko nyuma yako," muuguzi alisema. "Ni wa nne."

Mbwa alikuwa amekaa kwenye foleni nyuma ya bibi mwenye kikohozi. Zamu yake ilipofika alimwamkia muuguzi shikamoo, akaitikiwa marahaba. Alisema ni kweli alimuuma yule mama na hakuwa na ugomvi naye hata kidogo, lakini kichwa hakijamkaa sawa tangu alipoumwa na paka wa kinyozi. Muuguzi aliandika yote, akagonga muhuri, akaagiza paka naye aitwe.

Paka alifika mchana akinukia poda ya kinyozi. Alikiri bila kusumbua, akamtaja mbuzi wa muuza mbao. Mbuzi alikula ukurasa wa kwanza wa faili lake, ikabidi lifunguliwe jingine, kisha akamtaja mbwa wa Mkurugenzi. Watu kwenye benchi walisogea wakawapisha. Mmoja tu alilalamika, na alichokilalamikia ni mbuzi kuruka foleni.

Jumanne asubuhi mbwa wa Mkurugenzi aliletwa na gari la ofisi, kakaa kiti cha mbele. Dereva alikuwa kiti cha nyuma, akiendesha kwa kunyoosha mikono. Mbwa alikuwa na mkanda wa ngozi shingoni na udenda mpaka kifuani. Alipoliona jagi la fundi bomba alijibanza chini ya meza na kukataa kutoka, kwa hiyo muuguzi alimhoji akiwa amepiga magoti.

"Umechanjwa?"

"Sindano siijui," mbwa alijibu. "Siku ile waligonga muhuri karatasi tu, mimi nilikuwa nyumbani nimelala."

Muuguzi alitoa cheti cha mbwa huyo kabatini, akakisoma mara mbili. Kilisema amechanjwa. Basi mbwa wa Mkurugenzi hakuwa na kichaa, na mbuzi hangeweza kukipata kwake, wala paka kwa mbuzi, wala mbwa wa mtaani kwa paka. Mama Vifungo alikuwa mzima kabisa. Muuguzi alifunga mafaili yote matano na kuwapongeza wahusika kwa kupona. Mbuzi alishukuru.

"Na huyo aliye chini ya meza?" fundi bomba aliuliza.

"Huyo ana cheti, kaka yangu. Mimi nifanyeje?"

Mama Vifungo alilia pale pale mbele ya muuguzi, kwa sauti, bila kujali macho ya watu. Alisema anakufa huku dawa anaiona. Mumewe alimshika mkono wakapanda ngazi hadi ofisi ya Mkurugenzi.

Mkurugenzi aliwasikiliza vizuri, akawapa na viti. Alisema utaratibu ni utaratibu, na cheti kile alikisaini mwenyewe, sasa ajikane vipi? Kisha akanyoosha mkono wa kushoto kuwaonyesha mlango, na Mama Vifungo akauuma, juu kidogo ya saa.

Mkurugenzi hakupiga kelele. Alifungua droo, akatoa kitabu cha kanuni na kusoma: akiumwa mtumishi wa ngazi ya ukurugenzi, aliyemuuma achanjwe papo hapo, ili mtumishi asiishi kwa wasiwasi. Alipiga simu. Muuguzi alipanda na kiboksi cha barafu, na katika dakika kumi Mama Vifungo alikuwa amechomwa sindano begani. Mumewe alikaa chini sakafuni akashusha pumzi.

"Unatakiwa urudi Ijumaa, kisha Jumanne mbili zinazofuata," muuguzi alisema akijaza kadi. "Ila kanuni inatoa sindano moja kwa jino moja."

"Yaani nirudi kumuuma?"

"Usichelewe. Saa nne ana kikao."

Akarudi. Mara ya pili aliona aibu, ya tatu akazoea. Alipofika kwa ajili ya sindano ya mwisho, foleni ilikuwa imeshuka ngazi mpaka uani. Kinyozi alikuwemo, na muuza mbao, na mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye meno mawili tu. Mlangoni palikuwa na tangazo jipya: Jumanne na Ijumaa, saa mbili hadi saa nne, wote wapige mswaki kwanza.

Mkurugenzi alikuwa ameshakunja shati na kuulaza mkono wa kushoto juu ya taulo pembeni ya meza. Mama Vifungo aliinama, akauma, akachomwa sindano yake. Alikuwa amepona kweli sasa.

"Hongera, mama," Mkurugenzi alisema bila kuinua kichwa. "Mwambie anayefuata aingie."

Mkono wake wa kulia ulikuwa na kazi. Mbele yake palikuwa na rundo la vyeti vya mbwa wa mji mzima, na alikuwa akivigonga muhuri kimoja kimoja: amechanjwa, amechanjwa, amechanjwa.