Gunia la Khatib

Jimu ya Khatib, pale Jang'ombe, haina kioo wala feni. Ni ua wa nyuma ya nyumba ulioezekwa mabati, na vyuma vyake ni ekseli ya lori na makopo ya rangi yaliyojazwa zege. Vijana huja kutunisha vifua ili wapendeze Sikukuu. Masoud, mwembamba, ndevu zishaanza mvi, alikuja kwa jambo jingine.

"Nnataka kumbeba mama," alimwambia Khatib siku ya mwanzo. "Nimteremshe ngazi."

Vijana wakacheka. Khatib hakucheka.

Mama yake, Bi Fathiya, aliishi ghorofa ya tatu huko Mji Mkongwe, katika nyumba ambayo ngazi zake zimesimama wima na kupinda kwenye kona nyembamba. Tangu kiharusi kimnyime miguu, hakuwahi kushuka. Mdogo wake, Bi Mize, mkulima wa mwani kule Kiwengwa, naye magoti yalikuwa yamemshinda kupanda. Walizungumza kwa simu kila asubuhi, na kila asubuhi waliagana kwa ahadi ya kuonana. Majirani walijitolea kumshusha kwa kiti. Bi Fathiya akakataa katakata.

"Wanaume wanne wanibebe juujuu? Hayo mtanifanyia nshakufa. Nikiwa hai atanibeba mwanangu."

Basi Khatib akatwaa gunia na koleo la mchanga. "Mama yako ana kilo ngapi?"

Masoud akamkumbuka mama yake wa enzi zile, mwanamke aliyejaa, akipita Darajani na kapu lake la samaki huku watu wakimpisha. "Themanini," akasema.

Hilo ndilo kosa lenyewe, na mtu asimcheke. Mtoto wa kiume hamgusi mama yake ovyo. Kumwosha, kumgeuza, kumvisha, zote zilikuwa kazi za Nassra, dada yake Masoud. Masoud yeye alibisha hodi, akangoja mama afunikwe, akaingia, akambusu mkono, akakaa. Alichokiona ni uso na shuka. Na uso unaouona kila siku huoni unavyopungua.

Miezi ikapita. Gunia lilikataa kuinuka, kisha likafika kiunoni, kisha mgongo ukamuuma akalala wiki nzima, akarudi tena.

"Bado, baba?" mama alikuwa akimuuliza.

"Bado kidogo, mama. Nsije nkakuangusha."

Aliogopa kweli. Aliota anateleza pale kwenye kona.

Siku alipolibeba gunia akauzunguka nalo ua mzima, hata wale waliomcheka walimpigia makofi. Alikwenda mbio kwa mama yake na jasho lake. Bi Fathiya akashika simu. "Mize, nnakuja. Ijumaa Masoud ananileta."

Alhamisi alfajiri Nassra alikwenda kumwamsha, akamkuta ameshafariki.

Wanawake walimwosha na kumkafini huko huko juu. Jeneza halikuweza kupita kwenye kona, likabaki chini. Watu wakamtazama Masoud, naye akapanda. Akainama, akakaza mgongo kama Khatib alivyomfundisha, akavuta pumzi, akanyanyua.

Nguvu zikapita kiasi, nusura amrushe. Akasimama amemkumbatia, haamini.

"Nassra," alisema. "Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani," Nassra alijibu akilia. "Mbona nkimnyanyua peke yangu kila siku? Nlidhani unajua."

Masoud alishuka bila kutweta. Kona aliyoiogopa miezi yote aliipita kwa hatua moja, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Chini, Bi Mize alikuwa ameketi mkekani, ameletwa na wanawe. Masoud akapiga magoti, akamlaza mama yake mbele yake, wakamfunua uso. Bi Mize alimshika dada yake shavu, akakaa naye hivyo kwa muda. Kisha akampapasa Masoud mkono.

"Mashallah, umekuwa na nguvu, mwanangu," alisema kwa upole.

Masoud akainua uso. Mlangoni, wanaume wanne wa mwanzo kulibeba walikuwa wameshasimama kwenye jeneza, wanamngoja.