Hajajiuzulu

Miaka ishirini na tisa nimeandika siasa, na kilichonitoa kazini ni herufi moja. Si kashfa, si rushwa, si kumtukana mkubwa. Herufi J. Nikiwaeleza watu wanadhani natania, na mimi hamu ya kutania iliniisha Jumatano saa tatu asubuhi.

Ngoja nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati mtaniona nimerukwa na akili. Nimepitia vyumba vya habari vinne. Cha kwanza kilifungwa. Cha pili kilinunuliwa na shemeji wa mkubwa fulani. Cha tatu kilinipa cheo kikasahau kunipa meza, nikawa nahariri kurasa za bunge juu ya friji bovu. Cha nne kilikuwa redio, na huko niliambiwa sauti yangu inawatisha wasikilizaji wa asubuhi. Mume wangu alikuwa ameshafariki, binti yetu yuko sekondari, na wizara ikatangaza nafasi ya afisa habari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Niliinama, na miaka sita nikawa humohumo mvunguni.

Binti naye, kwa ukaidi alioutoa najua wapi, akawa mwandishi wa siasa, tena kwenye gazeti lilelile la friji. Yeye anatumia jina la baba yake, mimi natumia la baba yangu, kwa hiyo hakuna mtu wizarani wala gazetini aliyejua kwamba ni wangu. Tuliwekeana sharti: saa za kazi hatujuani. Akipiga simu ya mezani husema, "Habari za kazi, Afisa," nami namjibu, "Salama, mwandishi." Jioni ananiuliza chumvi nimeiweka wapi.

Sasa Jumanne. Kwenye bohari ya wizara zilikuwa zimekutwa dawa zilizopitwa na muda, maboksi yamebandikwa tarehe mpya juu ya zile za zamani, na mji mzima ulikuwa unasema Waziri anaondoka. Binti akaleta swali kwa maandishi: je, Waziri amejiuzulu? Nikampelekea Waziri. Nilimkuta anakata kucha juu ya faili.

"Mwandikie sitajiuzulu," akasema. "Sentensi moja, mhuri, basi."

Nikarudi mezani nikaandika: Mheshimiwa Waziri hajajiuzulu. Sahihi yangu, mhuri, bahasha, tarishi. Nikaenda zangu kunywa chai.

Mmeona? Mimi sikuona. Mhariri wangu wa kwanza, mzee mmoja mkali aliyekuwa akitafuna kalamu za risasi, alitufundisha kwamba mwandishi haandiki "ta". Kesho haina shahidi, alikuwa akisema. Mtu akiahidi atajenga, wewe andika hajajenga. Akiapa hataiba, andika hajaiba, mpaka gazeti linapokwenda mtamboni. Miaka mitano alikata "ta" zetu kwa wino mwekundu, hadi mkono wangu ukawa unaziruka wenyewe. Kwa hiyo Waziri anasema sitajiuzulu, mkono unaandika hajajiuzulu, na mimi nasoma mara mbili naona kazi safi kabisa. Mtu mzima, nywele zimeota mvi.

Jumatano gazeti likatoka na maneno mawili ukurasa wa kwanza: WAZIRI HAJAJIUZULU. Binti hakuongeza wala hakupunguza. Alinukuu barua yangu, kisha akamuuliza mwalimu mmoja wa sarufi, na mwalimu akaeleza kwa upole kwamba "hajaja" husemwa kwa mgeni anayesubiriwa. Kufika saa tatu, wasikilizaji walikuwa wanapiga simu redioni kuuliza: basi lini? Hata mlinzi wetu wa getini, ambaye salamu yake siku zote ni kukohoa, aliniuliza kama mgeni ameshafika.

Waziri aliponiita ofisini kwake hakucheka. Msaidizi wake alikuwa amesimama pembeni, mtu mwenye miwani miwili, mmoja usoni na mmoja kichwani, na yeye ndiye aliyepata ufumbuzi.

"Ni jambo dogo," akasema. "Barua yetu ilisema hatajiuzulu. Mwandishi kageuza T ikawa J. Tunachapa upya nakala ya kwenye faili, Afisa anasaini, tunampelekea mhariri wao."

"Mwandishi anayo barua yenye mhuri," nikasema.

"Mhariri nimeshaongea naye. Hataki kugombana na serikali. Akipata nakala yetu, ile ya mwandishi ataiita ya kughushi. Amemwita saa tisa. Leo anaondoka kazini, na kitambulisho chake cha uandishi kitafutwa. Haandiki tena popote."

Nikamgeukia Waziri. "Mheshimiwa, mwandishi hana kosa. Hilo neno niliandika mimi."

Waziri alinitazama bila haraka. "Najua uliandika wewe. Nani mwingine anaandika humu? Hapa sikuulizi uliandika nini, mama. Nakwambia uliandika nini. Ukisaini, yamekwisha. Usiposaini, Ijumaa natangaza nafasi yako."

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, na wa kwangu ndiye aliyekuwa anaandaliwa sahani, tena peke yake.

Nilitoka nikampigia kutoka kwenye korido, karibu na mashine ya kutoa nakala. Alipopokea aliniita Mama, saa sita mchana, siku ya kazi, ndipo nikajua ameogopa.

"Mama, usije kunitetea. Ukija watasema tulipanga nyumbani."

"Nani anakuja kukutetea? Barua ni yangu."

"Basi itetee barua," akasema, akakata simu.

Nilikaa nikachemka. Nilimkasirikia Waziri, nikamkasirikia mhariri asiyejua kusimama, nikamkasirikia yule mzee na wino wake mwekundu, marehemu wa watu. Nikawasha kompyuta, nikaandika, na printa ikasema haina wino. Tangu Februari inasema hivyo kila siku inayotaka, na tumeiandikia barua tatu. Nikachukua karatasi yenye nembo ya wizara nikaandika kwa mkono: Neno lililochapishwa ndilo nililoandika. Barua aliyonayo mwandishi wenu ni halali. Kama kuna kosa, ni langu. Nikagonga mhuri mpaka chupa ya gundi ikaanguka. Nikaipiga picha, nikamtumia mhariri wake, kisha nikazitumia na ofisi nyingine zote za habari ninazozijua, maana mhariri mmoja anaweza kupoteza barua ila kumi hawawezi. Ilikuwa saa nane na dakika arobaini.

Waziri alipata habari kabla sijafika mlangoni kwake. Hakupayuka. Alisema tu, kwa sauti ya kuchoka, "Kikulacho ki nguoni mwako," akanyoosha mkono apewe funguo. Nilimpa. Mhuri alitumwa msaidizi auchukue mezani kwangu, na aliubeba kwa mikono miwili utadhani utamponyoka.

Saa kumi na moja nilikuwa nyumbani, nimekaa jikoni na viatu miguuni, simu ikalia. Alikuwa binti.

"Sijafukuzwa," akasema. "Mhariri kaniomba radhi, halafu kanipa habari yako niiandike. Kwa hiyo nakuuliza rasmi. Ulikosea au ulikusudia?"

"Sikukosea wala sikukusudia. Nilizoea."

Nikasikia anabonyeza vitufe. Alikuwa anaandika haraka, na hakunisaidia kwa neno hata moja. Nilimwona kama vile yuko mbele yangu, kakunja uso.

"Naweza kukunukuu?"

"Ninukuu. Na uandike kwamba mimi ni mama yako."



"Unajua wakijua hilo mhariri ataninyang'anya habari hii," akasema.

"Atakunyang'anya hii. Ukificha, siku watakapogundua watakunyang'anya zote. Hujafundishwa? Andika. Usinipambe wala usinihurumie."

Akavuta pumzi. "Nimeshaandika, Mama. Iko aya ya pili tangu saa kumi. Nilikuwa nasubiri nisikie kama utaniomba niitoe."

Nilifungua mdomo nimgombeze. Mtoto huyu, ananidhania mimi ni mtu wa namna gani? Lakini miaka sita, kila alasiri, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu: kuyapigia magazeti simu na kuomba aya zitolewe. Na miaka miwili ya mwisho, nilipopiga gazetini kwao, aliyekuwa akipokea ni yeye.