Somo la Kujitegemea

Mwalimu wa fasihi alikuwa anafundisha ukuaji wa mhusika, na tuseme ukweli, mada hiyo aliimudu. Mkono mmoja riwaya, mkono mwingine chaki, anawaeleza wanafunzi jinsi binti wa kitabuni anavyoanza akiwa mtoto wa kudekezwa, kisha anaondoka kwa shangazi yake na sanduku moja kwenda kuanza maisha.

"Huo ndio ukomavu," akasema. "Mtu hakui kwa kuota ndevu. Anakua siku anapojitegemea."

Hodi ikapigwa. Mama yake mwalimu huyo mlangoni, na mkoba wa chakula.

"Baba, umesahau chakula chako." Akapita katikati ya madawati bila wasiwasi wowote, akamtengenezea ukosi wa shati. "Na usiache mboga."

Darasa likajikaza kisabuni mpaka mama akatoka, ndipo likaangua kicheko. Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono, uso mkavu.

"Mwalimu, mhusika akiwa na miaka arobaini na kitu, tunasema bado anakua?"

Watoto wa siku hizi hawana dogo. Mwalimu akawapa zoezi, akakaa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba chumba alikuwa ameshapata, kizuri, nyuma ya posta, na mwenye nyumba alimpa mpaka jioni ile atoe jibu. Akichelewa, anaingia fundi redio. Wiki nzima alikuwa anashindwa kumwambia mama. Aliona kabisa mama atazimia, atalia mpaka majirani wajae uani. Mtu mzima na akili zake, shahada ukutani, anaogopa kumuaga mama yake!

Jioni akapiga moyo konde. Mama alikuwa sebuleni, anamshonea kifungo cha shati.

"Mama," akaanza, "katika maisha ya mhusika yeyote, kuna hatua ambapo..."

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana. Nimepata chumba. Nataka kuhama."

Mama akakata uzi kwa meno. "Lini?"

"Hata leo."

"Haya."

Mwalimu akangoja. Haya tu? Hotuba aliyoiandaa ya kumbembeleza ilikuwa ndefu, na sasa hana pa kuipeleka.

"Mbona hulii?" akauliza, na kusema kweli alikuwa amenuna.

"Nililia ile siku ulipomaliza chuo ukarudi na begi lako," mama akasema. "Nilijifungia bafuni nikalia mpaka basi. Nilidhani nimemaliza kulea." Akalikunja shati taratibu. "Niliogopa kukwambia, mwanangu. Ungesema sikupendi."

Hapo mwalimu akachomwa. Miaka yote hiyo alijiona yeye ndiye anayemvumilia mama, kumbe mwenzake kavumilia kimya kimya. Akaingia chumbani kufungasha, machozi yanamlenga, mtu mzima ovyo. Akafungua kabati, akatazama, akafunga. Akafungua tena.

"Mama, soksi zangu zinakaa wapi?"

Akasikia kiti kinalia sebuleni, mama ameinuka. Zikaja hatua mbili tatu kuelekea mlangoni kwake. Zikasimama, zikarudi, na kiti kikalia tena.

"Tafuta," mama akasema kutoka huko, na safari hii alikuwa analia.