Kobe wa Kijani

Mchora katuni aliweka akiba miaka miwili ili anunue kompyuta moja tu: ile ya dirishani mwa duka, nyembamba kama sahani, ambayo bei yake ilitosha kununua tatu za kawaida. Siku aliyotangaza mezani kwamba sasa anakwenda kuichukua, shemeji yake aliweka kijiko chini.

"Shemeji, hapo unanunua jina," alisema. "Nipe theluthi ya hizo hela, nikuundie mashine ya kukimbia nayo bega kwa bega. Halafu kitu chembamba vile kitabeba nini?"

"Wembamba wa reli, treni inapita humo humo."

Shemeji huyo, mdogo wa mumewe, alikuwa fundi wa kompyuta. Mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Vifaa vya kampuni kubwa alivifungua kwa dharau kidogo, kama mtu anayefunua sufuria ya jirani.

Mama mkwe alichoka nao. "Mnabishana kama mmelipwa. Si mzishindanishe?"

Bisibisi akajifungia na vyuma vyake wiki nzima. Jumatano asubuhi wakaingia dukani watatu, yeye akiwa amekumbatia boksi jeusi lisilo na urembo wowote. Mwenye duka, mama mmoja mwenye miwani, aliwasikiliza akacheka. Aliiamini bidhaa yake. Akasafisha kaunta, akawawekea nyembamba yake hapo, na kando akalitafutia boksi la fundi skrini ya kawaida.

Kazi ilikuwa moja: filamu ya dakika saba ya kobe anayehangaika kutafuta nyumba ya kupanga, akasahau kwamba anayo mgongoni. Michoro yote ilikuwa tayari. Ilibaki kuunganishwa iwe filamu kamili, kazi ambayo wachoraji huiita kupika. Ilitakiwa ifike kituo cha televisheni cha watoto Ijumaa. Kompyuta ya nyumbani ilihitaji saa sita kuipika, na mara mbili ilizimika katikati.

Mama mkwe alishika saa. "Haya, anzeni."

Boksi la Bisibisi lilichomoka. Asilimia kumi, ishirini, thelathini, wakati nyembamba iko kwenye ishirini na mbili. Wateja waliokuja kununua chaja wakasahau chaja. Mchoraji alishika meza kwa mikono miwili. Hakujua tena anamshangilia nani. Moyo ulimdunda kwa zote mbili.

Kwenye asilimia sitini feni za boksi zikaanza kuunguruma. Namba zikapunguza mwendo. Nyembamba, kimya kabisa, ikazidi kusogea: sabini, themanini. Bisibisi aliinama akaanza kulipepea boksi kwa daftari la risiti, na watu wakacheka mpaka wakashikana.

"Dakika kumi na moja," mama mkwe akatangaza nyembamba ilipomaliza. Boksi likafika dakika ya kumi na tatu.

Bisibisi alifuta jasho. "Nimeshindwa, shemeji."

"Umeshindwa kwa dakika mbili," mchoraji akasema kwa furaha. "Mimi nimetoka saa sita. Kwa dakika mbili nilipe mara tatu?"

Mwenye duka aliigeuza nyembamba iwaelekee. Kisha, kama muuzaji ajuaye kazi yake, akasema, "Basi itazameni hiyo filamu kabla hamjaamua."

Wakaitazama kwenye nyembamba. Kobe alipotokea tu, mchoraji akasogea mbele mpaka pua ikakaribia kioo. Kobe wake wa kijani alikuwa na rangi ya matope. Majani yalikuwa ya manjano, kama yana homa. Kwenye skrini ya kawaida, pembeni, mambo yote yalionekana sawa, vilevile kama nyumbani.

"Ni hii inayodanganya?" akauliza.

Bisibisi alizikagua zote mbili kwa muda, akapima rangi kwa kifaa chake kidogo. "Hapana," akasema polepole. "Hii inasema kweli. Ile ya nyumbani ndiyo imekudanganya miaka yote."

Mchoraji alicheka, kicheko cha mtu aliyevuliwa miwani yenye ukungu. Akamgeukia mwenye duka. "Skrini peke yake, yenye ukweli kama huu, unayo?"

Alikuwa nayo. Bei yake haikuwa ya mzaha, lakini pamoja na boksi la Bisibisi hazikufika hata theluthi mbili za akiba. Mchoraji alilipa papo hapo. Bisibisi aliibeba mwenyewe mpaka nyumbani, hakukubali kupokewa.

Siku mbili hizo mchoraji alipaka upya kila jani. Alibadilisha rangi, akapika, akatazama, akabadilisha tena, mara nyingi kuliko alivyowahi kuthubutu. Shemeji yake aliongeza feni, akakaa kando akitazama kobe anavyozidi kuwa kijani.

Ijumaa saa tano asubuhi filamu ilikwenda. Jumatatu kituo kikapiga simu: wanamtaka kobe kila wiki, vipindi kumi na viwili. Mchoraji alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaweka simu mezani taratibu, kisha akakimbia uani kumwambia mama mkwe.