Msuko wa Tatu

Kila Jumapili Fundi alikuwa na kisingizio chake. Wiki ya kwanza cherehani ilikuwa mbovu. Ya pili alikuwa na nguo za harusi za watu. Ya tatu akasema mgongo, na mgongo, jamani, hauna shahidi. Lakini Mwenyekiti wa chama cha wahamiaji hakuwa mtu wa kuchoka. Alikuwa nesi wa wodi ya wazee, amezoea watu wanaojifanya wamelala wakiona dawa zinakuja.

"Mama, wamejiandikisha wanawake kumi na tisa," alisema, amesimama mlangoni pa chumba cha kushonea, sare ya kazi ingali mwilini. "Wanataka kujua kuosha maiti. Bibi Miwani, mwoshaji wetu, amehamia kwa mwanawe na harudi tena. Umebaki wewe tu. Ukiugua wewe, nani atamwosha nani?"

"Mimi nakata sanda, basi," Fundi alijibu, macho kwenye pindo la sketi.

Uongo mtupu! Miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa mkono wa pili wa Bibi Miwani. Hakuna mwanamke wa chama aliyezikwa ambaye Fundi hakuyapima maji yake kwa kiwiko. Kilichomfunga mdomo kilikuwa kitu kimoja tu, na kilimhusu huyo huyo aliyesimama mlangoni.

Leo ukikiona chama, kina ukumbi wake, darasa la Kurani, kina mama wa kwenda kukaa na wazazi wapya hospitalini, na mtu wa kuwasomea wageni barua za serikali. Usidhani kilianza na katiba na mihuri. Kilianza na msiba. Miaka ishirini na tatu nyuma, wahamiaji wakiwa bado wa kuhesabika kwa vidole, jirani yake Fundi alianguka kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka, asiinuke tena. Mumewe alikuwa safarini na lori. Mtoto wao wa kike, miaka sita, hakuwa na wa kuachiwa, kwa hiyo walikwenda naye hospitalini na kumkalisha kwenye benchi nje ya chumba cha kuoshea maiti. Ndani, Fundi na wenzake wawili wakabaki kutazamana. Kwao kazi hiyo ilikuwa na wenyewe. Bibi fulani huitwa, huja, hufunga mlango, akitoka kazi imekwisha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuingia. Nani angefikiri kwamba ipo siku bibi mwenyewe utakuwa wewe?

Fundi akampigia mama yake, ng'ambo huko, kwa kadi ya simu aliyonunua dukani. Simu ikawekwa dirishani, sauti juu.

"Maji ya vuguvugu," mama akasema. "Anzeni upande wa kulia. Polepole, huyo bado ni mtu."

Wakaosha mwili mzima, mara moja.

"Haya. Sasa nywele, msuke—"

Kadi ikaisha. Duka lilikuwa mbali, na watu wa chumba kile walishagonga mlango mara mbili. Fundi akasuka misuko miwili kama ya mtoto wa shule, maana ndiyo mikono yake iliyoijua, wakamvika sanda, wakamtoa.

Mwaka uliofuata Bibi Miwani alihamia mjini, na Fundi akamsaidia kwa mara ya kwanza. Ndipo alipoona. Maji mara tatu, ya mwisho yana kafuri. Nywele misuko mitatu, inalazwa nyuma. Wao walimwosha jirani mara moja tu, wakamsuka miwili. Angemuuliza shehe, lakini anayeogopa jibu haulizi. Akanyamaza, huku yule mtoto wa benchi akikua mikononi mwake, Fundi akimshonea sare za shule, naye akimwita mama. Sasa mtoto huyo ni nesi, ni mwenyekiti, na anataka Fundi asimame mbele za watu afundishe. Afundishe nini, ilhali yeye ndiye aliyemsindikiza mama wa mtoto huyo nusunusu?

Jumapili ya nne visingizio vilimwishia. Akaenda. Akamkuta Nesi jikoni pale ukumbini, anajaza ndoo, akafunga mlango nyuma yake.

"Mwanangu, kuna jambo. Siku ya mama yako tulikosea." Akamwambia yote, kadi, maji, kafuri, nywele. "Ukinichukia, una haki."

Nesi akafunga bomba.

"Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Benchi lilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia simu ikikatika. Nikasikia unamwambia, 'Nisamehe dada yangu, ndio kwanza najifunza.' Nilipokuwa mkubwa nikamuuliza shehe. Akasema maji yakishaenea mwili mzima mara moja, faradhi imetimia. Hayo mengine ni sunna."

"Kumbe! Na miaka yote hii hukuniambia?"

"Nilidhani umesahau. Sikutaka kukukumbusha." Akajifuta mikono kwenye kanga ya Fundi kama alivyozoea tangu utotoni. "Twende, wanangoja."

Ukumbini meza ilikuwa katikati, mapazia yamefungwa, lakini hapakuwa na maiti. Kila aliyeombwa kulala alirudi nyuma.

"Mimi nilale hapo?" alisema Mama Pacha, mfagizi wa hospitali, mwenye mdomo kuliko wote. "Malaika akipita akadhani nimeshaitika? Nina watoto wawili wa kulisha!"

Wakacheka, ila hakuna aliyesogea. Nesi akavua mtandio, akapanda mezani na nguo zake, akalala chali na kufumba macho.

Fundi akaanza. Kulia kwanza. Maji alimimina machache, kwa mfano tu, mara tatu, akieleza kila hatua kwa sauti iliyozidi kutulia. Akafika kwenye nywele. Akasuka msuko wa upande wa kulia, kisha wa kushoto. Hapo mikono ikasimama yenyewe, na ukumbi mzima ukamngoja.

"Umebaki mmoja, mama," Nesi akasema, macho yamefumbwa.

"Maiti hasemi!" Fundi akamkemea.

Wanawake wakaangua kicheko. Naye, machozi yakimdondoka juu ya nywele zile, akausuka wa tatu, wa utosini, akaulaza nyuma polepole pamoja na ile miwili.