Kapo Haishushi

Elieth alikuwa ameibana penseli kwa meno. Mikono yake yote miwili ilikuwa kazini, mmoja umeshika shingo ya gitaa, mwingine unavuta kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, na penseli ikawa haina pa kukaa ila kinywani. Alipoitoa ilikuwa inang'aa mate. Akailaza juu ya nyuzi, akaizungushia mpira, akafunga fundo, akakwaruza nyuzi zote kwa kidole gumba na kutabasamu. Lameck, aliyekaa naye benchi moja pale kanisani Ipagala, akageuza uso kuelekea dirishani. Chai ya asubuhi ilimpanda hadi kooni.

Kila Jumapili ilikuwa hivyo hivyo, na kila Jumapili alijiambia kwamba angezoea. Hakuzoea. Aliitazama ile penseli iliyotafunwa hadi rangi ikabanduka, ule mpira mweusi uliokusanya jasho na vumbi, akaona wazi kwamba anaombwa kumwimbia Mungu pembeni ya uchafu.

Kapo, kwa asiyeijua, ni kibanio tu. Hufungwa shingoni mwa gitaa ili kukandamiza nyuzi zote pamoja, na kadiri unavyoisogeza mbele, kutoka freti moja hadi nyingine, yaani vile vyuma vinavyokatiza shingo, ndivyo wimbo unavyopanda. Vidole hubaki na mkao wao uleule. Mwimbaji ndiye anayepandishwa. Kwa kazi ndogo kiasi hicho ungedhani watu wazima wangeelewana. Wapi! Wapiga gitaa wa Dodoma wana kundi lao la WhatsApp, na humo wametukanana kwa ajili ya kapo kuliko walivyowahi kufanya mazoezi. Wapo wenye kapo za bei mbaya, ambao hutuma picha za vyuma vyao kama wazazi wanaotuma picha za kichanga. Wapo na watu wa penseli na mpira, wanaoandika kwamba mpiga gitaa wa kweli hana makuu. Majivuno ya hawa wa pili ndiyo yanayonuka zaidi, maana yamejifunga kanga ya unyenyekevu.

Lameck alikuwa wa kundi la kwanza, tena kiongozi wao. Kapo yake ya shaba aliletewa na mfanyakazi mwenzake wa ofisini Mtumba aliyekwenda mafunzoni Ulaya. Ilikuwa na skrubu ya kupima nguvu ya mbano, na ilikaa katika mfuko wake wa mahameli. Kabla ya kuifunga aliipangusa, na baada ya kuifungua aliipangusa tena.

"Kaka Lameck," Elieth alisema, "hilo dude lako linapiga lenyewe, au bado linakuhitaji?"

Waliokaa nyuma wakacheka.

"Angalau halina mate."

"Mate ni yangu. Sijakuomba uyalambe."

Elieth alikuwa mwalimu wa kemia, mwenye mshahara wake na kiwanja chake. Angeweza kununua kapo nzuri wakati wowote na hakutaka, na hilo ndilo lililomkereketa Lameck. Umaskini angeusamehe.

Ibada ilipokwisha, mwalimu wa kwaya aliwaomba wasivue sare. Walikuwa wanakwenda Chang'ombe kumwona Mama Dorkasi. Ndiyo desturi ya kwaya ile: mwenzao akiugua humfuata nyumbani kwa nyimbo, na hakuna mlango unaoweza kukataa. Lameck alishtuka. Mama Dorkasi alikuwa mama yake, na tangu atoke hospitalini yeye ndiye aliyekuwa akiwazuia watu, akisema bado amechoka, bado mapema, nitawaambia.

"Mama mwenyewe ndiye aliyetuita," mwalimu alieleza. "Alimtuma dada yako Anna. Anasema anataka kuimba."

Kuimba! Lameck alikaza zipu ya mkoba wa gitaa.

Mama yake alikuwa na rovu shingoni kwa miaka mingi, na madaktari walilitoa salama. Aliyerudi nyumbani alikuwa mama yuleyule, mwenye sauti ya mtu mwingine. Zamani alikuwa na sauti iliyopanda bila kushika ukuta. Wimbo wa kushukuru mvua aliutunga mwenyewe, Lameck akautungia utangulizi wake wa gitaa akiwa bado kijana, na miaka yote waliupiga freti ya tatu, pale ambapo wanakwaya wengine walikuwa wakitokwa na mishipa ya shingo. Sasa akizungumza ilisikika kama mzee wa kiume anayeburuta gunia la mchanga, na katikati ya maneno kitu kilikoroma. Lazima lisemwe lilivyo: sauti ile ilimtia Lameck kinyaa. Alikuwa ameacha kumpigia simu. Alimtumia ujumbe wa maandishi, akimwambia Anna kwamba anataka kumpumzisha koo. Alijichukia kwa hilo, na bado hakupiga.

Sebule ya Chang'ombe ilijaa sare za kwaya. Mama Dorkasi alikaa kwenye kochi la pembeni, kitenge kimefungwa shingoni kuficha kovu, na miguuni pake palikuwa na kopo la maziwa lililotiwa majivu ya kutemea. Dawa, majivu na jasho la watu vilichanganyika hewani. Anna alipitisha sahani ya zabibu; kila mtu alichukua moja na kubaki ameishika, macho yakikimbia lile kopo.

"Mbukwenyi," mama alisema, akiwasalimu Kigogo kama alivyozoea kuwasalimu wote, wenyeji na wakuja.

Walichelewa kuitikia. Binti mmoja aliangalia nyuma ya kochi, kana kwamba kuna mwanamume amejificha huko. Kisha shikamoo zikamiminika zote kwa pamoja, na pole, na Mungu ni mwema, kwa zile sauti nyororo ambazo watu huzivaa mbele ya mgonjwa. Lameck alitamani kuwafukuza wote.

"Mama, wewe pumzika," alisema. "Sisi tutakuimbia."

"Nimewaita tuimbe." Alikohoa. "Sijafa mimi."

Basi Lameck akatoa kapo yake, akaipangusa, akaifunga freti ya tatu. Elieth akafunga penseli yake papo hapo. Utangulizi ukapigwa, ule ambao wote waliujua, na ulipofika mahali pa kuingia, Mama Dorkasi akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tupu. Wakarudia. Safari hii kikatoka kitu chembamba kilichokatika kama uzi mbovu, na kikohozi kikakifuata, kirefu, chenye majimaji, mpaka akainama kwenye kopo. Lameck aliangalia gitaa lake. Aliangalia kila kitu isipokuwa kile kilichokuwa kikining'inia mdomoni mwa mama yake.

"Shusha," Elieth alinong'ona. "Twende freti ya kwanza."

"Wimbo huu uko ya tatu."

"Ulikuwa."

Neno lile lilimchoma, naye akalipuka. "Tatizo ni hilo limpira lako! Linavuta nyuzi kombo. Mama anasikia magitaa mawili yasiyoelewana, ataingilia wapi? Nimesema siku zote, kitu cha hovyo kitatoa sauti ya hovyo!"

"Mpira huu umeimba na mama yako kabla hilo chuma lako halijapanda ndege," Elieth alijibu, naye sauti yake imepanda. "Kila siku kupangusa, kupangusa. Gitaa lenyewe unalipiga saa ngapi?"

"Angalau mimi najiheshimu."

"Unaheshimu chuma!"

Hivyo ndivyo walivyokuwa, watu wawili wazima waliosoma, wakigombania vibanio juu ya kichwa cha mgonjwa, na wanakwaya wakihesabu nyufa za sakafu. Anna alisimama mlangoni na sahani yake, akiwatazama kama mtu aliyekuta panzi kwenye mboga.

"Toeni," Mama Dorkasi alisema.

"Ipi, mama?" Lameck aliuliza upesi, na ndani ya swali lile kulikuwa na tumaini la kitoto la kushinda.

"Zote."

Wakatoa. Magitaa yakabaki matupu, wimbo ukashuka, wakaanza upya. Mama aliingia, akapata maneno mawili, la tatu likampasukia. Hapo binti mmoja wa sauti ya kwanza, kwa huruma tu, akaudaka mstari na kuuendeleza badala yake, juu, safi, tamu kama asali. Wengine wakashusha pumzi. Kumbe hatimaye mtu amewaokoa. Kilichomtia Lameck kinyaa safari hii kilikuwa ule utamu, jinsi ulivyomfunika mama yake kama shuka linavyofunika maiti, na mama mwenyewe angali amekaa hapo, macho wazi, anasikia. Mama aliinua kiganja. Binti akanyamaza.

Mkono wa Lameck ulikuwa umeshaifuata kapo mezani, kwa mazoea. Akaishika, nzito, baridi, isiyo na doa. Aisogeze wapi? Kapo hupandisha. Haishushi. Ya shaba haishushi, ya penseli haishushi, na maneno yote waliyorushiana kule kwenye simu yalihusu njia moja tu, ya kwenda juu. Angeweza kubadilisha mkao wa vidole, lakini ule utangulizi ulipigika kwa mkao wake mmoja tu, na mama alikuwa akiungojea huohuo.

Akairudisha kapo mezani bila kuipangusa. Akashika kikazio cha uzi mnene kwenye kichwa cha gitaa, akakilegeza.

Uzi uliguna. Akalegeza wa pili, na wa tatu, na Elieth, bila kuambiwa, akatega sikio na kulegeza za kwake kumfuata. Hawakutazamana. Sauti iliyotoka ilikuwa mbaya. Nyuzi zilitepeta, zikagonga vyuma, zikavuma kama nzi ndani ya chupa. Siku nyingine Lameck angeondoka chumbani kwa aibu. Akapiga utangulizi uleule juu ya ule ulegevu, polepole, maana usingestahimili haraka.

Mama Dorkasi akaingia.

Ilikuwa sauti nzito, ya kifuani, yenye makohozi ndani yake. Ilikwaruza. Kinyaa kilimpanda Lameck kama kawaida yake, lakini nyuzi zilizolegea hazikai mahali pamoja, zilikuwa zikimponyoka kila mara, na ili kuzirudisha ilimbidi asikilize. Hakuwa ameisikiliza sauti ile hata siku moja. Alikuwa ameikimbia tu. Sasa aliifuata neno kwa neno, kama anayetafuta njia kwenye korongo lililobadilika baada ya mvua, na chini ya mikwaruzo akaukuta wimbo umekaa, mzima, mahali pake papya. Kinyaa hakikuondoka. Kilibaki pale kooni, na mikono ikaendelea.

Mstari wa kwanza ukaisha. Wa pili ulikuwa na ule mpando wake, na mama alipoufikia alisimama, akatikisa kichwa.

"Bado juu, mwanangu," alisema. "Shusha tena."

Lameck alishika kikazio, kisha akakiachia; nyuzi zisingelegea zaidi ya hapo.

"Niimbie hapo ulipo, mama," alisema, na akasogeza kiti chake karibu na mdomo wa mama. "Nitakufuata."